Gobori na Ukwaju

Wanawake wenzangu wa Lewisham, hapa London, tukikutana sokoni Jumamosi mbele ya meza za mihogo na ndizi mbichi, kila mmoja alikuwa na lake la kumsema mumewe. Huyu mumewe mlevi, yule wake bahili, wa tatu wake ameoa kwao kimyakimya na habari zimemfikia kwa watu. Zamu yangu ikifika walinyamaza wakanitazama kwa huruma, maana walijua. Wangu hakuwa akinywa, hakuwa akicheza kamari, na mke wa pili angemweka wapi katika nyumba ile? Wangu alikuwa akikusanya bunduki.

Nilikuwa nawahi kueleza kabla mtu hajashika mkoba wake akaniaga. Si bunduki za kuua watu, nilisema. Ni bunduki kuukuu za jeshi la Mngereza, nyingine zimemzidi umri babu wa babu yangu. Magobori ya kushindilia baruti mdomoni, ambayo risasi zake hazitengenezwi tena popote. Sheria ya Uingereza inamruhusu mtu kuziweka nyumbani kama pambo, madhali hana nia ya kuzipiga. Wenzangu waliitikia "Haya" kwa ile sauti ya mtu asiyetaka maneno, tukarudi kwenye ndizi zetu.

Mume wangu ni mtu wa Mombasa, na kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti za hospitali. Mpole mno, mtaratibu mno. Ukimpa chungwa akumenyee utasikia njaa ukimngoja. Sijui huyu na bunduki walikutana wapi, nilikuwa nikijiuliza siku za mwanzo, mpaka aliponihadithia habari za babu yake. Babu alipigana vita vya Mjerumani upande wa Mngereza, akarudi na bega la kulia limeshuka. Mvua ikikaribia lilimuuma, na mjukuu huyu ndiye aliyekuwa akilikanda kwa mafuta ya simsim. Vita vyenyewe mzee hakuvisimulia. Alichosema ni kwamba ile bunduki ilikuwa na teke la punda, na kwamba ukiipiga kutwa nzima usiku hulali upande ule.

Basi mjukuu akaja London, akapita mbele ya duka la vitu vya kale, akaona dirishani bunduki ya aina ile ile. Alisimama pale mpaka mvua ikamrowesha. Hiyo ya dirishani hakuipata, ilikuwa na mwenyewe, lakini tangu siku ile ugonjwa ukamwingia. Alianza na singe moja iliyovunjika ncha, akafuatia gobori la fataki, linalowashwa kwa kidonge cha baruti, kisha gobori la jiwe, la kuwashwa kwa cheche za jiwe, ambalo ni kongwe zaidi. Kila alichokipata alikiingiza nyumbani kwa aibu kidogo, amekifunga blanketi, kama mtu aliyeokota paka.

Siku za Jumapili tulikwenda kwenye maonyesho yao. Huwa ni ukumbi wa mtaa, meza zimetandikwa vitambaa vya kijani, na nyuma ya kila meza amekaa mzee wa Kizungu mwenye sweta na chupa ya chai. Mara ya kwanza bwana wa mlangoni alituelekeza ukumbi wa jirani, akidhani tumekuja harusini. Mume wangu akamshukuru, akamlipa kiingilio, akapita. Baadaye walituzoea. Mimi nilikuwa nachukua chapati na maharage ya nazi katika kontena, na wale wazee wakaanza kuja mezani kwetu kwa ajili ya chapati kuliko bunduki. Nilikaa nao nikasikiliza, na kwa kusikiliza nikajua mtutu, mtambo, fataki na jiwe, nikajua ipi ilipigana wapi. Ningekuwa mwongo nikisema sikupenda.

Kitu kimoja tu kilinishinda. Hawasugui. Gobori la kijeshi la zamani lina shaba ya njano kitakoni, shaba chini ya kifyatuo, shaba mdomoni, na shaba yote hiyo imefanya weusi hata huijui kuwa ni shaba. Nikinyoosha mkono na kitambaa, mume wangu ananishika. "Usiguse, mke wangu. Weusi huo ndio umri wake. Ukiutoa, umeiua." Kwao bunduki iliyosuguliwa ni bunduki iliyoharibika, na hakuna dawa, umri hautiwi upya kwa brashi. Mimi nimezaliwa Unguja mjini, katika nyumba ambayo mwanamke hutazamwa kwanza shaba zake ndipo atazamwe sura. Sinia, mrashi, chetezo, vyote vilisuguliwa kwa ukwaju na majivu mpaka ujione meno. Ikisikika tu kwamba mgeni yuko njiani, ukwaju unarowekwa kabla mchele haujachaguliwa. Kukaa na shaba nyeusi ndani ya nyumba yangu kulikuwa mtihani, lakini nikasema mume ni mume, kila mmoja ana wazimu wake.

Hayo yote ni kabla mama hajaja.

Mimi ni mtoto wa pekee. Baba alikuwa askari wa polisi wa serikali iliyoanguka. Siku zile za Mapinduzi watu wenye bunduki walikuja mlangoni asubuhi wakamchukua, na hakurudi. Hayo niliambiwa na shangazi yangu, maana siku hiyo nilikuwa nimelala kwake, na ni yeye aliyeondoka na mimi baadaye, nikiwa bado msichana wa shule. Mama alikataa kuondoka. Alisema nyumba haiachiwi popo. Barua alizokuwa akiandikisha zilikuwa za salamu na hali ya hewa, kwani wakati ule nani angeandika zaidi ya hapo, na simu zilipokuja tukawa tunapigiana kelele za "Unanisikia?" mpaka dakika zinakwisha. Nimeishi na mama yangu utoto wangu tu. Nilipokuwa mtu mzima sikujua anapenda chai yake vipi.

Miaka ya tisini ilipoingia, magoti yake yakaanza kumsumbua, na jirani aliyekuwa akimchotea maji akafariki. Nikamwombea viza, akapata ya miezi sita. Nia yangu ilikuwa moja, na sikuificha kwa mtu: akishafika nimwombee ukaazi, asirudi tena kukaa peke yake. Nilitaka mama yangu azeeke machoni pangu. Mume wangu alikubali hata kabla sijamaliza kusema.

"Lakini bunduki zako," nikamwambia.

"Zimefanya nini?"

"Walimchukua baba kwa bunduki. Mama akifungua macho asubuhi akakuta magobori ukutani, atakufa kwa mshtuko. Au atapanda ndege ya kurudi siku ile ile."

Hakubisha. Aliziteremsha moja moja, akazifunga mablanketi, akaziweka ndani ya kabati la chumbani kwetu. Pale palikuwa salama kuliko benki, kwa sababu mama wa Kiunguja hawezi kutia mguu chumba anacholala mkwewe hata nyumba ikiungua. Ukutani zilipokuwa tukatundika saa, na chini yake picha ya Makka.

Mama alikuja, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na adabu zake zote mzigoni. Nilisahau habari ya mkwe. Mume wangu akiwa sebuleni, mama hakai sebuleni. Akiingia jikoni, mama anajitanda kanga uso na kupita ubavuni. Chakula alikula jikoni, kwenye kiti kidogo, huku meza ya kulia ikiwa tupu. Maneno yao yalipitia kwangu. Mume wangu amesimama pale pale, mama ananiambia, "Mwambie mwenzio chai tayari." Naye mume wangu, ambaye si kiziwi, anainamisha kichwa na kusema, "Mwambie mama ahsante." Nikawa mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili ndani ya nyumba yangu.

Kila nilipomtajia ukaazi alikunja uso.

"Mimi nimekuja kutembea, mwanangu. Kukaa kwa mkwe ni kukaa roho juu."

"Hii nyumba yangu pia, mama."

"Yako wewe na yeye. Mimi humu nina nini? Kupika mnapika, kufua mashine inafua. Nikae nikitazama dirisha?" Halafu akaongeza, kwa ukali kidogo, "Walipokimbia wote sikukimbia. Leo ndiyo niwe mkimbizi, uzeeni?"

Nilitoka, kwa sababu nilitaka kulia na sikutaka anione. Wiki zikapita. Nilikwenda mpaka Kenton, mji mzima upande wa pili, kumnunulia ukwaju na mafuta ya nazi kwa Mhindi mmoja wa dukani aliyezaliwa Tanga na anayekukaripia kwa Kiswahili ukibonyeza maembe yake. Nilidhani harufu za kwao zitamshika miguu. Alifurahi, akapika, na akaendelea kuhesabu miezi iliyobaki.

Kati ya wale wazee wa maonyesho palikuwa na mmoja, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache. Huyo alikuwa na bunduki ya aina ya babu, ya vita vya Mjerumani, mtutu wake umekwisha kuzibwa kwa chuma kama sheria inavyotaka. Mume wangu alikuwa ameizunguka miaka mingi bila kuthubutu kuiomba. Naye mzee alikuwa amelitamani gobori letu la fataki, kwa sababu moja: tangu litoke jeshini hakuna mkono uliolisugua. Weusi wake ulikuwa kamili, alisema, hakuwahi kuuona mfano wake. Mwisho wakakubaliana wabadilishane. Mzee angekuja kwetu Jumapili, alasiri, na bunduki yake, alitazame gobori mchana kweupe kwa mara ya mwisho, wapeane mikono.

Mume wangu wiki ile hakuwa na usingizi. Alikuwa akilishika bega lake mwenyewe bila kujua.

Jumamosi nilikuwa na shifti ya mchana kazini kwangu, kufua nguo za hospitali. Nilipotoka nyumbani mume wangu aliliteremsha lile gobori la fataki kutoka kabatini, akalilaza juu ya kochi la sebuleni chini ya shuka, apate kulipiga picha kabla halijaondoka. Ikapigwa simu: lifti imekwama na watu ndani. Akachukua mfuko wake wa spana. Kwa kuwa sikuwapo wa kupitisha maneno, alisimama nje ya mlango wa jikoni akasema mwenyewe, "Mama, kesho tuna mgeni." Akaondoka mbio.

Maneno hayo alimwambia mwanamke wa Unguja.

Nilipofungua mlango jioni harufu ilinipokea: ukwaju, na mafuta ya nazi, na udi uliokwisha kufukizwa. Mama alikuwa amekaa sebuleni kwenye zulia, magazeti yametandazwa, kanga ameifunga kiunoni. Mbele yake bakuli la ukwaju uliorowekwa, na majivu aliyoyakomba kwenye chetezo. Mapajani mwake gobori. Shaba yake ilikuwa ikiwaka. Kitako, kifyatuo, mdomo, hata vipete vidogo vya kushikilia kijiti cha kushindilia, vyote vya dhahabu. Na mti wenyewe ameupaka mafuta ya nazi kutoka juu mpaka chini, unateleza.

"Mama!"

"Usinipigie kelele, sijafa. Lete kitambaa kikavu."

"Mama, hiyo ni bunduki."

"Naona. Mimi nina macho." Aliipulizia shaba pumzi, akaisugua tena kwa upindo wa kanga. "Mna mgeni kesho, na hiki kitu kinalala kochini, kimefanya weusi kuliko sufuria la harusi. Watu watasema binti yangu hakufunzwa."

"Hukuogopa?"

"Kuogopa nini? Tundu lake la moto lilikuwa na utando wa buibui." Akacheka peke yake, kisha akatulia. "Vifungo vya baba yako nilikuwa navisugua hivi hivi, na bamba la mkanda wake. Alhamisi. Ijumaa wanakaguliwa."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia akimtaja baba bila kuulizwa. Nilisimama na kitambaa mkononi, nusu nimefurahi, nusu nimekufa ganzi, na ufunguo wa mume wangu ukazunguka mlangoni.

Alisimama kizingitini na mfuko wake wa spana. Alitazama gobori, akamtazama mama, akalitazama tena gobori. Mama akajitanda haraka na kuinuka. Mume wangu akautua mfuko chini. Kisha akasema, kwake yeye moja kwa moja, kwa sauti nzuri, "Ahsante, mama. Imependeza." Akapanda ngazi. Tukasikia kitanda kikilia alipokaa.

Nilimfuata.

"Si kitu," akasema.

"Si kitu vipi?"

"Yule ni mama. Utamwambia nini?"

"Basi niambie mimi! Umekasirika, sema umekasirika."

"Nimekasirika," akasema, na hakupandisha sauti. "Niwache nikasirike kidogo. Babu nilikuwa nishamshika mkononi."

Nikakaa kando yake mpaka kukaingia kiza.

Niliposhuka, mama alikuwa amekwisha kuosha bakuli, kukunja magazeti, na kulilaza gobori kochini chini ya shuka. Aliniuliza bila kunitazama, "Nimeharibu?"

Ningeweza kudanganya. Lakini uongo wangu mama anaujua tangu nina meno ya maziwa.

"Weusi ule ndio waliokuwa wakiutaka, mama. Ndio thamani yake."

Alifikiri. "Watu wa ajabu," akasema taratibu. "Wanataka uchafu." Kisha mkono wake ukaenda kinywani, akapanda kulala.

Asubuhi nilikuta sanduku lake ukumbini, limefungwa kamba.

"Nikatieni tikiti, mwanangu, ya wiki hii hii."

"Mama, kwa ajili ya gobori?"

"Nimemharibia mkwe wangu chombo chake, ndani ya nyumba yake. Nitamtazama vipi tena?"

"Hata kabla ya hapo ulikuwa humtazami!"

Sikuwa nimekusudia kuwa mkali, lakini maneno yalitoka yenyewe, na yeye hakucheka wala hakukasirika. Alikwenda kukanda unga wa kaimati, kwa sababu mgeni bado anakuja, na ugomvi haumlazi mgeni njaa.

Mzee alikuja alasiri na furushi lake refu kifuani. Mume wangu alimpokea, akamketisha, na kabla ya chai akafunua shuka. Yule mzee alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Alipitisha kidole kwenye shaba, akakinusa.

"Nani amefanya hivi?" akauliza, kwa upole, mtu anavyouliza mbele ya maiti.

Nilikuwa mlangoni na sinia. Nilijua mume wangu angeweza kusema "mimi" na mambo yakaisha hapo, na kwa moyo nilimwomba aseme hivyo. Hakusema.

"Mama mkwe wangu," akamwambia. "Kwetu mgeni akija shaba husuguliwa. Aliambiwa kesho tuna mgeni. Alikuwa akikuheshimu wewe."

Mzee alivua miwani akaitia mfukoni. Halafu akaomba apelekwe akamsalimie. Alisimama mbele ya mlango wa jikoni akainamisha kichwa cheupe na kumshukuru, na mama, aliyejitanda mpaka puani, akasema, "Karibu, karibu sana," akamjazia sahani kaimati zisizolika na mtu mmoja. Mzee alizila zote. Alimruhusu mume wangu aifungue ile bunduki ya babu, na mume wangu akaiinua, akaiweka begani mara moja, akaishusha. Kisha mzee akasema, "Nasikitika, rafiki yangu, lakini siwezi. Gobori hili si lile tena nililolipenda." Mume wangu akamwambia anaelewa. Na kweli alielewa, maana yeye mwenyewe asingelichukua. Alimbebea furushi mpaka garini, akarudi mikono mitupu, akakaa sebuleni chini ya saa.

Mama hajui Kiingereza. Lakini alikuwa dirishani mwa jikoni, na aliona kwamba kitu kirefu kilichokuja na mgeni kimeondoka na mgeni. Akaja mpaka mlango wa sebule, akasimama nje ya kizingiti, uso amegeuzia ukuta.

"Mwambie mwenzio anisamehe," akaniambia.

Nikamgeukia mume wangu ili nimpitishie, kama kawaida yetu, na mume wangu akainuka akatupita, akapanda juu bila kujibu. Mungu wangu, nilisema, sasa ndiyo basi. Nilijua huyu mwanamke akiondoka na neno hilo halijajibiwa, sitamwona tena duniani. Nilichukia kila gobori lililowahi kutengenezwa na Mngereza.

Kabati likafunguliwa juu. Mume wangu akashuka amekumbatia blanketi. Ndani yake mlikuwa na gobori la jiwe, kongwe la wote, lile ambalo hata mimi sikuruhusiwa kulipangusa vumbi bila yeye kuwapo. Alichukua magazeti, akayatandaza zuliani, akalilaza juu yake, na shaba yake yote nyeusi. Kisha akazungumza na mama, si na mimi.

"Mama, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lako hili. Na mengine yako kabatini."

Mama akageuza uso wake kutoka ukutani. Alimtazama mkwewe machoni, muda mrefu, kanga imemwangukia mabegani na hakuiokota. Kisha akavuka kizingiti, akakaa zuliani, magoti yakamlia.

"Ukwaju umebaki?" akaniuliza.

"Umebaki, mama."

"Ulete. Na lile sanduku lirudishe juu, linazuia watu njia."

Nilileta ukwaju, nikapandisha sanduku, na kamba yake nikaifungua kwa meno. Niliporudi alikuwa amekwisha kuanza, upande wa kitako, na alikuwa akisema, macho yako kazini.

"Mnanifichia bunduki kama mtoto anayefichiwa dawa. Mimi nimejua tangu wiki ya kwanza, ngazi zenu zinanuka mafuta ya chuma. Baba yako hakuuawa kwa bunduki." Akachovya kidole kwenye majivu. "Walimtia jela. Nilikuwa nampelekea uji asubuhi. Pale mlangoni wananipokea bakuli, jioni nalifuata, bakuli tupu. Nikawa nafurahi. Nasema, alhamdulillahi, leo kala wote. Nikazidisha maziwa, nikatia na iliki, anapenda iliki. Kumbe alikwisha kuzikwa. Homa. Alikwisha kuzikwa siku nyingi, na mimi nikawapikia wale wa mlangoni mpaka Idi Kubwa."

Mkono wake haukusimama. Nilikaa chini pale pale nilipokuwa nimesimama, nikalia kwa sauti, kama sikuwahi kumlilia baba maisha yangu yote, na kweli sikuwahi.

Adabu ya kwetu ni kwamba mama mkwe akiwa katika hali ile, mkwe huinuka akatoka, asiione huzuni yake. Mume wangu hakutoka. Alivuta magazeti karibu, akachovya kitambaa kwenye ukwaju, akashika upande wa pili wa gobori, upande wa mdomo, akaanza kusugua.